Turubai la Mifuko Tisa

Gari la polisi lilikuwa limeshaipita nguzo ya mwisho ya umeme, godoro la Inspekta limefungwa juu kwa kamba, ndoo zake mbili zikigombana nyuma ya kiti. Barua ya uhamisho ilisema aripoti kituo kipya kesho asubuhi bila kukosa. Mkuu wa Kituo alikuwa amemsindikiza hadi garini, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe na kuupigapiga kama mtu anayefunga banda la kuku.

"Huko kuna baridi, Afande," dereva alisema. Alikuwa mtu mnene aliyeshika usukani kwa vidole viwili. "Utalikumbuka jasho la huku."

Inspekta alikuwa anapekua begi kutafuta leso, mkono ukakuta kitu kizito. Turubai la kijani, limeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya kiatu. Kielelezo namba nne. Kilitakiwa kiwe ghalani tangu jana, lakini mtunza ghala alikuwa msibani, naye akakitia begini kisipotee. Katika pilikapilika za kufungasha akakisahau.

Alikikunjua magotini. Mifuko tisa, imeshonwa kwa uzi mnene, kila mfuko na kifaa chake: spana tatu za midomo miwili, spana ya plagi, bisibisi pana, koleo, vyuma viwili vya kubandulia tairi, na geji nyembamba ya kupimia mwanya wa plagi. Kwenye mkunjo wa mwisho, pasipo na mfuko, palichomekwa kifaa cha kumi: spana malaya, ile ambayo mdomo wake unafunguka na kujifunga kwa ukubwa wowote.

Akatoa nakala ya ripoti ya Mkaguzi wa Magari. *Boliti ya mkono wa breki ya mbele haikukazwa na fundi, ikadondoka. Mwendeshaji aliposhika breki gurudumu lilijifunga, akarushwa, akafariki papo hapo. Aidha, vifaa alivyopewa marehemu na fundi huyo vilikuwa pungufu.*

Mwezi mzima alikuwa akisoma neno hilo la mwisho, na hakuwahi kuliuliza swali. Pungufu ya nini?

"Geuza gari."

"Afande?"

"Nimeondoka na kielelezo cha kesi. Hilo ni kosa la kazi."

"Tukipe basi la kesho. Nina shemeji yangu kondakta, hata hachelewi..."

"Geuza, baba, kabla sijashuka nikatembea."

Dereva aligeuza. Ilikuwa saa nne kasoro robo asubuhi. Saa tisa alasiri fundi mmoja mwanamke, anayeitwa Mama Inchi na mji mzima, angefika kituoni kuchagua moja kati ya mawili. Akisaini karatasi ya kukubali kwamba alizembea, angepewa onyo, na karakana yake ingefungwa moja kwa moja. Akikataa, angelala mahabusu na kupelekwa mahakamani kwa kumuua shemeji yake kwa uzembe.

---

Karakana ya Mama Inchi ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, na mlangoni palining'inia mnyororo wa polisi na kufuli. Mwenyewe alikuwa nje, hatua moja kutoka kwenye mnyororo, ameketi juu ya kreti, cherehani ya mtu imelazwa mbele yake matumbo nje. Umri wake umepita sitini, miwani imefungwa kwa waya sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umerudi kunikamata kabla ya saa yenu?"

"Karakana imefungwa na bado unafanya kazi?"

"Wamefunga mlango. Mikono hawakuifunga."

Inspekta alivuta debe, akakaa. "Leo utasaini?"

"Sisaini. Nimemwambia Mkuu wako, nimemwambia karani wake, namwambia kila anayepita hapa hata kama hakuniuliza. Wakitaka waniandikie karatasi ndefu kama shuka. Boliti ile niliikaza mimi, kwa mkono huu."

"Ripoti inasema haikukazwa."

"Ripoti ina mikono?"

Inspekta alilitandaza turubai chini, kati yao. "Vifaa hivi ulivichaguaje?"

Mama Inchi alifuta vidole kwenye kanga. Pikipiki yenyewe waliiita Kikongwe, alisema. Ya Kiingereza, ilitengenezwa kabla yeye hajaota meno. Shemeji yake, mpima ardhi mstaafu, aliinunua ikiwa vyuma ndani ya gunia.

"Akaja hapa akiwa na sanduku linalong'aa. Spana thelathini, zote za milimita. Nikamwambia, shemeji, hilo kaoneshe wageni. Nikampeleka pale kando ya barabara, nikamfungulia kasha langu lote, nikamwambia piga magoti. Toa gurudumu, rudisha. Kaza mnyororo. Toa plagi, safisha, pima mwanya. Legeza breki, kaza breki. Tangu asubuhi hadi jua linazama. Kila kifaa alichokishika nikakiweka pembeni. Ambacho hakukigusa kikarudi kashani. Jioni nikahesabu, vilikuwa tisa. Ndipo nikashona mifuko. Plagi ya akiba na kiungo cha mnyororo vikae kwenye kopo chini ya kiti, basi, mtu anazunguka dunia."

"Kwa nini ya milimita haifai?"

"Soma hapa." Alimpa spana moja. "Imeandikwa nusu. Pima mdomo wake. Ni nusu inchi?"

Inspekta alipima kwa kidole. Mdomo ulikuwa mkubwa zaidi, karibu mara mbili.

"Waingereza wa zamani waliandika unene wa boliti, hawakuandika upana wa mdomo. Spana za siku hizi zinaandikwa upana. Sasa wewe mwenye milimita zako ukija kwa Kikongwe, spana ama inakataa kuingia, ama inaingia inacheza. Ikicheza inakula kona za nati, na nati ikiliwa kona umeshaharibu. Na boliti ni hivyo hivyo. Boliti ya milimita nane unaweza kuisukuma kwenye tundu la Kikongwe. Inaingia meno matatu, inakaza. Mjinga anasema imefika. Haijafika, imekwama. Mtetemo ukianza inarudi nyuma taratibu."

"Na utajuaje kama boliti imerudi nyuma?"

Mama Inchi alichomoa kichupa mfukoni. Rangi ya kucha, nyekundu. "Nikikaza, napiga mstari. Unaanzia kwenye kichwa cha boliti, unashuka mpaka kwenye chuma. Boliti ikijizungusha hata kidogo, mstari unakatika, unauona ukiwa umesimama. Wanangu walikuwa wanalia mimi kuwamalizia rangi." Kisha macho yake yakafika kwenye mkunjo wa mwisho wa turubai, akasimama. "Huyu nani kamweka hapa?"

"Ndilo nililotaka kukuuliza."

"Spana malaya? Mimi nimwekee shemeji yangu spana malaya? Inashika kila nati na haina adabu kwa hata moja! Mtu kamchokonoa Kikongwe. Ondoka hapa, katafute mwenye kitu hiki, halafu ukimpata mlete nimwone."

---

Mpwa wa marehemu alikuwa kinyozi. Alikuwa ndiye mrithi wa pikipiki, na usiku wa kuamkia safari ya ajali, ililala kwenye ua wake. Inspekta alimkuta mteja amenyolewa nusu kichwa. Akaiweka spana malaya juu ya meza, katikati ya mashine na brashi.

Kinyozi alizima mashine. "Mama Inchi ameiona?"

"Ameiona."

"Basi nimekwisha."

"Kaka, nimalizie kwanza," mteja alisema.

"Tulia wewe." Kinyozi aliigeuza spana mezani. "Ni yangu, Afande. Nilimnunulia mjomba zawadi. Aliipenda, akaniambia tuifiche chini kabisa kwenye turubai, maana yule mama akiiona atatuzika pamoja."

"Uliifungulia nini?"

"Hakuna. Mimi najua kunyoa."

Inspekta alijaribu kuusogeza mdomo wa spana. Haukusogea. Akaipeleka dirishani. Kati ya meno ya gurudumu lake dogo kulikuwa na karatasi ya mafuta ya kiwandani, imenata, haijachanika. Spana hii ilikuwa haijawahi kushika nati yoyote tangu izaliwe. Saa nzima ya asubuhi imekwenda hivyo.

Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Kabla ya ajali, nani mwingine aliigusa pikipiki?"

"Hakuna. Labda hao wenu."

"Wetu?"

"Alhamisi, siku mbili kabla. Mjomba aliipeleka kituoni kukaguliwa apate stika. Alirudi mchana amenuna. Alisema wamemfungulia breki wakati walitakiwa kutazama tu."

"Mwezi mzima hukuniambia hilo."

"Uliniuliza nilikuwa wapi siku ya ajali, Afande. Nikakujibu."

Inspekta alifungua daftari lake la mwezi ule. Ni kweli aliuliza hivyo.

---

Daftari la getini linawekwa na askari mzee mwenye mwandiko wa shule ya zamani, hachanganyi tarehe. Alhamisi hiyo: pikipiki ya kijani, kuingia saa nne na dakika kumi, kutoka saa saba na nusu. Mstari wa chini yake: lori la mawe, kuingia saa tano, kutoka saa tano na dakika ishirini. Lori zima dakika ishirini, pikipiki saa tatu na zaidi. Na ripoti ya Mkaguzi haikuwa na neno hata moja kwamba aliwahi kuiona pikipiki hiyo ikiwa nzima.

Alinakili mistari yote miwili, akamwambia askari asaini pembeni, kisha akaenda uani nyuma ya kituo ambako Kikongwe kililazwa chini ya bati. Alipiga magoti palepale kwenye vumbi. Mkono wa breki ya mbele, kile chuma kinachozuia sahani ya breki isizunguke na gurudumu, ulikuwa unaning'inia. Pembeni ya tundu palikuwa na nusu ya mstari mwekundu. Akamulika ndani kwa tochi. Meno matatu ya mwanzo yalikuwa yamekwaruzwa, yanang'aa. Yaliyobaki yalikuwa meusi kwa grisi ya zamani.

Alikuwa anajua sasa, lakini kujua hakusomwi mahakamani. Mkaguzi angesema meno yalikwaruzika kwenye ajali. Angesema stika ilichelewa kwa sababu ya foleni. Na Mkuu angemwamini, kwa sababu Mkuu alikuwa ameshachoka na faili hili.

---

Saa tisa kamili Mama Inchi aliingia uani, amevaa viatu vya Jumapili. Mkuu wa Kituo alitoka na karatasi na kalamu, akamwona Inspekta, akasimama.

"Wewe si ulishaondoka?"

"Nimerudisha kielelezo, mkuu."

"Umesharudisha. Nenda."

"Hakijapokelewa kwa maandishi. Na kuna neno kwenye ripoti litatuaibisha mbele ya hakimu. Dakika kumi tu, Mkaguzi mwenyewe atanisaidia."

Mkaguzi wa Magari alikuwa mlangoni mwa karakana ya kituo. Mtu mrefu, ovaroli imepigwa pasi. Ukutani nyuma yake vifaa vyote vimening'inizwa, kila kimoja kimechorewa kivuli chake kwa rangi nyeupe: spana za inchi kushoto, za milimita kulia. Katika mji ule hakuna mwingine aliyekuwa na zote mbili, isipokuwa mwanamke anayeshtakiwa.

"Umeandika vifaa vilikuwa pungufu," Inspekta alisema. "Hakimu atauliza, pungufu ya nini. Niwekee mezani kifurushi kamili cha pikipiki hii. Vile ambavyo wewe, ukiwa safarini peke yako, vingekurudisha nyumbani."

"Kazi rahisi hiyo."

"Basi ifanye," Mama Inchi alisema kutoka nyuma. "Tujifunze."

Mkaguzi hakumtazama. Alianza kuchomoa vifaa ukutani, haraka, bila kusoma namba. Spana ya inchi, ya pili, ya tatu. Spana ya plagi. Bisibisi pana, aliichukua ndefu, akaipima mkononi, akairudisha na kuchukua fupi. Koleo. Vyuma viwili vya tairi. Geji. Akavipanga sawasawa kwenye meza, akarudi nyuma hatua moja.

Vilikuwa tisa. Kwa mpangilio ule ule.

Mkuu wa Kituo alikohoa. "Sasa pungufu iko wapi?"

Uso wa Mkaguzi ulibadilika kidogo. Mkono wake uliinuka kuelekea kwenye nyundo, ukasita. Nyundo ya nini? Pikipiki ile haikuhitaji nyundo, na Mama Inchi alikuwa anamtazama. Ukaenda kwenye tupa, ukaiacha. Miaka thelathini mtu huyu hajawahi kumpa mwenzake kifaa kisicho na kazi, na leo hakuweza kuanza. Mkono ukahamia kulia, upande wa milimita, ukachomoa spana moja ndogo, ukaiweka mwisho wa mstari.

"Hiyo," alisema. "Bila hiyo hafiki."

Mama Inchi aliinyanyua. "Kumi na tatu."

"Ndiyo."

"Inafungua nini?"

Hakujibiwa. Basi akaenda mwenyewe kwenye bati, akapiga magoti na viatu vyake vya Jumapili, akaanza. Alijaribu nati ya gurudumu la mbele. Ya nyuma. Za injini, moja baada ya nyingine. Kifuniko cha mnyororo. Usukani. Kiti. Kila mara alisema kwa sauti, kama anayeita mahudhurio: "Inakataa. Inacheza. Inakataa. Inakataa. Inacheza." Dereva wa Inspekta alikuja kusimama nyuma ya watu, mdomo wazi. Ilichukua muda na hakuna aliyemwambia aache.

"Nimemaliza," alisema mwishowe. "Kikongwe hana nati ya kumi na tatu. Hajawahi kuwa nayo."

"Kuna tundu moja hukulijaribu, mama," Inspekta alisema. "Lile tupu."

Aligeuka kwa Mkaguzi. "Boliti ya milimita nane, kichwa chake kinafunguliwa na namba ngapi?"

"Kumi na tatu," Mkaguzi alisema. Alilisema upesi, kama mwanafunzi, halafu akafumba macho.

"Uliiweka Alhamisi, kati ya saa nne na saa saba na nusu. Daftari la geti ninalo. Ya mwanzo iko wapi?"

"Inspekta," Mkuu alianza.

"Mkuu, naomba dakika zangu kumi ziishe."

Mkaguzi alikwenda rafuni, akateremsha kopo la maziwa lililojaa boliti. Hakupekua. Ilikuwa juu. Kichwani mwake mlikuwa na nusu ya mstari mwekundu.

"Iliviringika chini ya lori," alisema. "Nilitafuta saa nzima. Mzee alikuwa ananisimamia, anataka kuondoka. Nikaweka ile ya muda, nikamwambia rudi kesho. Hakurudi. Hii niliipata nikifagia, Jumatatu. Ameshazikwa."

"Na ukaandika jina langu," Mama Inchi alisema.

"Nikaandika jina lako."

"Kwa nini hukuitupa?"

Mkaguzi alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Boliti nzima, mama. Unaitupaje?"

Mama Inchi alichukua karatasi mkononi mwa Mkuu wa Kituo, akaigeuza upande usio na maandishi, akaiweka mezani pamoja na kalamu, mbele ya Mkaguzi.

"Mimi nimesema sisaini," alisema. "Wewe je?"

---

Mkaguzi aliandika maelezo kurasa mbili na kusaini zote. Mahakamani alikiri. Alifungwa miezi kumi na minane, akatumikia kumi na miwili. Siku hizi anatengeneza baiskeli kwenye kibaraza cha dada yake.

Mkuu wa Kituo alihamishiwa makao makuu, kitengo cha takwimu. Hakuwahi kukubali kwamba alikosea. Hakuna aliyemuuliza.

Inspekta aliripoti kituo kipya siku mbili baadaye. Alipewa barua ya onyo kwa kuchelewa na nyingine kwa kuondoka na kielelezo. Zote mbili ziko kwenye jalada lake, na cheo chake ni kile kile. Dereva anasimulia habari hii kila anapopata abiria, na anaanza na ndoo.

Kinyozi alirithi Kikongwe. Alipigishwa magoti kando ya barabara siku nzima, akapewa turubai. Spana malaya imetundikwa kwenye ukuta wa kinyozi, chini ya kioo, na karatasi yake ya mafuta bado imo kwenye meno ya gurudumu.

Mnyororo wa polisi ulifunguliwa Ijumaa. Mama Inchi aliomba aachiwe na kufuli yake, akanyimwa kufuli, akapewa mnyororo. Bado anafanya kazi. Boliti yenye mstari mwekundu alirudishiwa baada ya hukumu, akaikaza mahali pake, akapiga mstari mpya juu ya ule wa zamani.

Spana namba kumi na tatu imo ghalani, ndani ya bahasha. Mpaka sasa hakuna aliyekwenda kuidai.